Dawa ya Kutuliza Utungu, na Mtoto Anayezaliwa

Jambo tulilolichagua kwa mazungumzo haya lamhusu kila mtu, kwa kuwa hapana hata mmoja wetu ambaye hakuzaliwa na mwanamke. Twataka kusimulia habari za dawa zinazotuliza utungu wa uzazi: zilianza wapi, nani walizipinga, na kwa sababu gani. Na zaidi ya hayo, twataka kulifuata swali moja lililoandamana na dawa hizo tangu siku ya kwanza. Swali lenyewe ni hili: Je, dawa impumzishayo mama haimdhuru mtoto aliye tumboni? Na hata akizaliwa salama, je, siku atakapopelekwa shuleni haitaonekana kwamba akili yake imepungua kuliko za wenzake?

Swali hili si la kuchekwa. Wakunga wazee wameliuliza, na waume wengi wameliuliza mlangoni mwa hospitali walipoambiwa kwamba wake zao hawana budi kupasuliwa. Madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani nao waliliuliza, wakabishana sana, na jibu la kuaminika halikupatikana kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Sababu ya kuchelewa huko ndiyo kiini cha habari yetu.

Mwezi wa Oktoba, 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, mganga wa meno aitwaye William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa dawa iitwayo etha, mbele ya madaktari waliokusanyika kutazama, na mgonjwa yule akakatwa uvimbe wa shingoni pasipo kupiga kelele. Habari ilivuka bahari upesi kwa merikebu. Ilipofika Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ilimfikia James Young Simpson, mtoto wa mwoka mikate wa mji mdogo wa Bathgate, ambaye kwa bidii ya masomo alikuwa amepata kuwa profesa wa elimu ya ukunga katika chuo kikuu cha mji ule. Tarehe 19 Januari, 1847, Simpson alimpa etha mwanamke mwenye nyonga zilizopinda, ambaye mtoto wake alikuwa hawezi kupita kwa urahisi. Akaona jambo ambalo watu wengi hawakulitazamia, yaani mama amelala, hasikii maumivu, na huku mji wa mimba waendelea na kazi yake ya kumsukuma mtoto kama kwamba mwenyewe yu macho.

Lakini etha ina harufu kali, nayo humkohoza mtu. Basi Simpson akawa akitafuta dawa iliyo nzuri zaidi, na namna yake ya kutafuta ilikuwa ya ajabu. Usiku wa tarehe 4 Novemba mwaka ule ule, yeye na wasaidizi wake wawili, George Keith na Matthews Duncan, waliketi mezani nyumbani kwake, wakavuta mvuke wa klorofomu kutoka katika bilauri. Kwanza walichangamka wakasema sana. Kisha pakawa kimya. Walipozindukana walijikuta sakafuni, chini ya meza. Leo hatungependa daktari ye yote ajaribu dawa kwa namna hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku nne baadaye Simpson alimvutisha klorofomu mke wa daktari mmoja aliyekuwa katika utungu, naye akajifungua mtoto wa kike akiwa usingizini. Alipoamka alishukuru kwa kupata usingizi mwema, na walipomletea mtoto ilikuwa kazi kumsadikisha kwamba ni wake. Vitabu vingi vimesimulia kwamba mtoto yule aliitwa Anaesthesia, maana yake kutosikia maumivu. Ni hadithi ya kupendeza, ila jina alilobatizwa lilikuwa Wilhelmina.

Mara upinzani ukaanza. Wako waliosema kwamba utungu wa kuzaa ni adhabu aliyopewa Hawa na wanawake wote baada yake, wala haifai mwanadamu kuiondoa. Simpson alikuwa mtu wa dini, naye alijibu kwa maandiko yale yale: akasema kwamba neno la Kiebrania lililotumiwa pale laweza kufahamika kuwa ni taabu na kazi, wala si maumivu tu; tena akakumbusha kwamba Mungu mwenyewe alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Waliochunguza nyaraka za wakati ule wameona kwamba makelele ya watu wa dini hayakuwa makubwa kama yalivyosimuliwa baadaye. Waliopinga zaidi walikuwa madaktari wenyewe. Charles Meigs wa Philadelphia alisema kwamba maumivu hayo ni ya asili, na ya kwamba humwongoza daktari ajue kazi imefika wapi. Wengine waliogopa mauti, na hofu yao ilikuwa na msingi, maana mnamo Januari, 1848, karibu na mji wa Newcastle, msichana wa miaka 15 alivutishwa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu, akafa pale pale katika muda wa dakika chache. Na wengine wakauliza swali letu: vipi mtoto?

Mabishano hayo hayakumalizwa na hoja. Yalinyamazishwa na mfano wa mtu mkubwa. Tarehe 7 Aprili, 1853, Malkia Victoria wa Uingereza alipokuwa akijifungua mtoto wake wa nane, aliitwa daktari John Snow, mtu mpole na mwangalifu sana, ambaye alikuwa amejifunza kupima klorofomu tone kwa tone. Snow alimimina matone machache katika kitambaa cha mkono, akampa Malkia avute kidogo kila utungu ulipokuja, hakumlaza kabisa. Kazi ilichukua dakika 53. Mwaka wa 1857, kwa mtoto wa tisa, Snow aliitwa tena. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa mtu katika Uingereza kusema kwamba klorofomu ni haramu kwa mwanamke mwenye heshima.

Sasa twaomba msikilizaji atulie kidogo hapa, kwa maana kisa cha watoto hao wawili chatufundisha jinsi ilivyo rahisi kukosea. Yule wa nane aliitwa Leopold. Alikuwa mwenye akili na mpenda vitabu, hata akasoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Lakini tangu utoto alikuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda, hata jeraha dogo lilimtia hatarini. Na mwaka wa 1884 alianguka huko Cannes, Ufaransa, akafa akiwa na umri wa miaka 30. Mtu mwenye haraka angesema: Tazameni, mtoto wa kwanza wa Malkia kuzaliwa kwa klorofomu ndiye aliyeharibika damu! Lakini ugonjwa ule hurithiwa. Mama huubeba asiugue, akampa mwanawe wa kiume. Dada yake Leopold aitwaye Alice alizaliwa mwaka wa 1843, kabla klorofomu haijatumiwa kwa mzazi ye yote, naye alizaa mtoto wa kiume mwenye ugonjwa huo huo. Na Beatrice, yule wa tisa aliyezaliwa kwa klorofomu kama Leopold, hakuugua, akaishi hata mwaka wa 1944, ingawa naye alimrithisha mwanawe. Basi dawa haikuhusika kwa lo lote. Ila ili kulijua hilo, ilikuwa lazima kuwatazama ndugu wote wa nyumba moja, wala si mtoto mmoja peke yake. Tulikumbuke jambo hili la ndugu, kwa kuwa tutakutana nalo tena mbele.

Kutoka Uskoti twaingia katika nchi zetu wenyewe, maana katika jarida la madaktari la Edinburgh, mwaka huo huo wa 1884, ilichapishwa habari iliyotoka Bunyoro, katika nchi iitwayo leo Uganda. Mwandishi alikuwa Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa amesoma udaktari kiasi kabla ya kutumwa Afrika na misioni. Mwaka wa 1879, mahali paitwapo Kahura, alishuhudia mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke wa umri kama wa miaka 20, ambaye ndiyo kwanza azae na mtoto alikuwa hatoki. Mwanamke alilazwa juu ya kitanda kilichoinamishwa, amefungwa kwa nguo ya gome la mti asitikisike. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi kwa wingi hata akawa nusu amelewa. Mganga alinawa mikono kwa pombe ile, akaliosha na tumbo la mgonjwa kwa pombe, kisha akatumia maji. Akakata mara moja, upesi. Msaidizi akagusa mishipa iliyotoka damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kondo likatolewa, na mganga akaubana mji wa mimba kwa mikono yake hata ukanywea. Hakuushona. Ngozi ya tumbo aliifunga kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa, akaizungushia nyuzi, akapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa, akafunika kwa jani la mgomba. Mtoto alikuwa amejeruhiwa kidogo begani kwa kisu, akatiwa dawa, likapona. Siku ya kumi na moja kidonda cha mama kilikuwa kimepona.

Wengine wamestaajabu sana kusoma habari hiyo, kama kwamba haiwezekani Waafrika kuwa na elimu ya namna hii. Sisi twaona la kustaajabisha liko kwingine. Siku zile katika hospitali za Ulaya, mama aliyepasuliwa namna hiyo alikuwa na tumaini dogo sana la kupona. Max Sänger wa Leipzig alikuwa hajaandika bado, alivyokuja kuandika mwaka wa 1882, jinsi ya kuushona mji wa mimba vizuri kwa nyuzi. Mganga wa Kahura alifanya kazi yake bila kusitasita, na wasaidizi walijua kila mmoja mahali pake. Kwa hiyo Felkin akaona kwamba hiyo ni kazi iliyozoewa, wala si jaribio. Na pombe ilifanya kazi mbili, kupunguza maumivu na kuosha. Hatusemi kwamba pombe yamfaa mwenye mimba. Mwaka wa 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, waliwaeleza watoto wenye vichwa vidogo, nyuso za namna yake na akili nzito, ambao mama zao walikuwa walevi muda wote wa mimba. Lakini kunywa kwa miezi tisa si sawa na kunywa kwa saa moja mbele ya kisu, na tofauti hiyo ya kiasi na ya muda ndiyo watu wengi waliyoisahau walipobishana juu ya dawa za uzazi.

Felkin aliondoka Kahura siku ile ya kumi na moja, na maandishi yake yakaishia hapo. Maandishi ya Simpson nayo yaliishia kitandani pa mama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya matabibu wote: waliandika kama mama amepona na kama mtoto amelia, kisha wakafunga daftari. Hakuna aliyekwenda kumtazama mtoto yule baada ya miaka saba, aone kama ajua kusoma.

Wa kwanza kulifungua daftari hilo alikuwa William John Little wa London, tabibu wa viungo, ambaye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utoto. Mwaka wa 1861 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi wa mji ule akawaambia jambo wasilolipenda. Wao walidhani kwamba mtoto anayezaliwa kwa shida ama hufa, ama huishi akiwa mzima. Little akasema kwamba kuna njia ya katikati. Alikuwa ameona watoto wengi ambao miguu yao imekakamaa, wasioweza kutembea vema, wengine wenye kusema kwa taabu au akili nzito. Na alipowauliza mama zao aliambiwa kwamba mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, au utungu ulikuwa mrefu kupita kiasi, au alitoka kimya akakawia kuvuta pumzi. Kwa miaka mingi ugonjwa huo, ambao sasa wengi wauita mtindio wa ubongo, uliitwa kwa jina lake.

Baada ya Little, lawama zote zikaangukia saa ya kuzaliwa. Lakini mwaka wa 1897 daktari wa Vienna aitwaye Sigmund Freud, yule aliyejulikana baadaye kwa kufasiri ndoto, aliuliza swali la akili sana: Je, si yamkini kwamba mtoto alikuwa amekwisha kudhurika tumboni zamani, na kuzaliwa kwa shida kukawa ni dalili tu ya madhara hayo, wala si chanzo chake? Watu hawakumsikiliza. Ilikuwa hata Serikali ya Marekani ikaandikisha mimba zaidi ya 50,000 kati ya mwaka wa 1959 na 1966, na kuwafuata watoto kwa miaka saba, ndipo Karin Nelson na Jonas Ellenberg walipoweza kuonyesha, mwaka wa 1986, kwamba katika watoto wengi wenye ugonjwa huo sababu haikuwa katika saa ya kuzaliwa. Hata hivyo Little hakukosea kabisa. Ubongo wa mtoto ukikosa hewa kwa muda mrefu waweza kuharibika, na utungu ulioziba bila msaada wakuu wabaki kuwa hatari kwa wote wawili, mama na mtoto.

Tumekwisha kuona kwamba namna ya kuzaliwa na maisha ya baadaye ni mambo mawili yasiyofungamana kwa kamba moja tu. Tuirudie dawa. Katika miaka ya 1870 Paul Zweifel, aliyekuwa Strasbourg, aliwapima watoto wachanga ambao mama zao walivutishwa klorofomu, akaikuta dawa ile katika miili yao. Basi ikajulikana hakika kwamba kondo si ukuta. Kinachoingia katika damu ya mama chaweza kupita.

Hilo halikuwazuia watu. Mwaka wa 1906 Carl Joseph Gauss wa Freiburg, Ujerumani, aliyefanya kazi chini ya Bernhardt Krönig, alitangaza namna mpya: mama huchomwa sindano ya mofini pamoja na skopolamini, hulazwa katika chumba chenye giza na kimya, hutiwa pamba masikioni, na akiamka hakumbuki lo lote. Waliuita usingizi wa machweo. Kweli yenyewe ni kwamba mama aliyasikia maumivu, akalia na kutapatapa. Ila dawa ilimfutia kumbukumbu. Wanawake wa Marekani waliokwenda Freiburg walirudi na sifa tele, na mwaka wa 1914 wakaunda chama cha kuwashurutisha madaktari wao waitumie. Lakini watoto wengi walizaliwa wamesinzia, hawalii, hawavuti pumzi vema, na hospitali zilizoifanya kazi ile kwa haraka bila uangalizi zilipata matatizo makubwa. Wanawake wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamechoka kuambiwa wavumilie na watu ambao hawatazaa kamwe.

Aliyeleta utaratibu alikuwa mwanamke. Virginia Apgar alikuwa daktari wa dawa za usingizi katika New York, naye aliona kwamba mtoto akitoka watu wote humshughulikia mama, na mtoto huwekwa kando. Mwaka wa 1952 alitoa kipimo chepesi ambacho hata mkunga wa zahanati aweza kukitumia: dakika moja baada ya kuzaliwa, tazama mapigo ya moyo, pumzi, nguvu za viungo, jinsi mtoto anavyoshtuka akiguswa, na rangi ya ngozi, kila jambo lipewe 0, 1 au 2, jumla iliyo kamili ni 10. Kwa kuwa sasa kila mtoto alikuwa na hesabu yake, Apgar aliweza kulinganisha. Akaona kwamba katika watoto waliotolewa kwa kupasuliwa, wale ambao mama zao walichomwa sindano ya uti wa mgongo walikuwa na hesabu nzuri kuliko wale ambao mama zao walilazwa usingizi wa mwili mzima.

Sindano hiyo ya mgongo ilikuwa imegunduliwa zamani. August Bier wa Kiel, Ujerumani, aliitumia kwanza mwaka wa 1898 kwa kokeini, na mwaka wa 1900 Oskar Kreis wa Basel aliwachoma kwayo wanawake waliokuwa katika utungu. Uzuri wake ni huu: dawa huwekwa karibu na mishipa ya fahamu inayotoka mgongoni, hivyo kiasi kidogo chatosha, sehemu ya chini ya mwili hufa ganzi, na mama hubaki macho. Kinachofika kwa mtoto ni kidogo sana.

Lakini kipimo cha Apgar ni cha dakika moja, tena cha dakika tano. Chamwambia mkunga kama mtoto huyu ahitaji msaada sasa hivi. Hakikuwekwa kutabiri kama atajua hesabu. Kwa swali la akili palihitajiwa mahali ambapo daftari la kuzaliwa na daftari la shule yaweza kuwekwa juu ya meza moja. Mahali hapo palipatikana katika wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota, huko Marekani, ambako hospitali zimetunza habari za wakazi kwa miaka mingi. Juraj Sprung na wenzake waliwatazama watoto 5,320 waliozaliwa huko kati ya mwaka wa 1976 na 1982, wakafuata maendeleo yao ya shule hata ujana, wakihesabu walioonekana kuwa na shida ya kusoma, kuandika au kuhesabu. Katika hao, 497 walizaliwa kwa kupasuliwa: mama 193 walilazwa usingizi kabisa, na mama 304 walichomwa sindano ya mgongoni.

Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2009. Watoto ambao mama zao walilazwa usingizi wakapasuliwa hawakuwa na shida ya masomo zaidi ya wale waliozaliwa kwa njia ya kawaida. Na wale ambao mama zao walipasuliwa kwa ganzi ya mgongo walikuwa na shida hiyo kidogo kuliko makundi yote mawili. Waandishi hawakushangilia; walisema kwamba jambo hilo lahitaji kuchunguzwa zaidi, wakakisia kwamba labda ganzi yampunguzia mtoto mshtuko wa kuzaliwa. Sisi twashauri mtu asikimbilie kutaka kupasuliwa ili apate mtoto hodari wa shule. Kupasuliwa ni jeraha kubwa, nalo lina hatari zake kwa mimba zijazo. Mwaka wa 2011 wenzake Sprung waliwatazama pia akina mama 4,684 wa wilaya ile ile waliozaa kwa njia ya kawaida, ambao 1,495 kati yao walituliziwa utungu kwa sindano ya mgongoni. Hawakuona tofauti yo yote katika masomo ya watoto.

Mtu angedhani maneno yamekwisha. Lakini mwezi wa Oktoba, 2020, hofu ya zamani ilirudi kwa sura mpya. Watafiti wa California waliowahesabu watoto 147,895 walisema kwamba usonji, yaani ile hali ya mtoto kuwa na shida ya kuzungumza na kuchangamana na watu, ulionekana kwa watoto 19 katika kila 1,000 ambao mama zao walipata sindano ya mgongoni, na kwa 13 tu katika kila 1,000 wa mama wengine. Magazeti yakaitangaza habari hiyo, na akina mama wakatishika. Vyama vya madaktari vilijibu upesi kwamba mambo mawili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa la pili. Kwa maana wanawake wanaoomba sindano hiyo si sawa na wasioiomba, kwa umri, kwa afya, na kwa urefu wa utungu wao.

Hapo ndipo wale ndugu wa nyumba moja tuliowataja wanaporudi. Huko Denmark kila mtoto huandikishwa, na mwaka wa 2021 watafiti wa nchi hiyo waliwatazama watoto zaidi ya 470,000. Wakawalinganisha watoto wa mama mmoja: huyu alizaliwa mama akiwa amechomwa sindano, na huyu alizaliwa bila sindano. Damu ni moja, nyumba ni moja, chakula ni kimoja. Tofauti ya maana haikuonekana. Watafiti wa jimbo la Manitoba, Kanada, walifanya vivyo hivyo kwa watoto wa huko mwaka ule ule, wakafikia neno lile lile.

Siku hizi mama anayepasuliwa kwa kawaida huchomwa sindano ya mgongoni, naye huwa macho, aweza kusikia kilio cha kwanza cha mtoto wake. Dawa ya kumlaza kabisa haikutupwa. Yawekwa kwa saa ya haraka, pale damu inapotoka kwa wingi au moyo wa mtoto unapopungua mapigo, na hapana nafasi ya kungojea ganzi ishike. Saa kama hiyo mume akiulizwa, aweza kukumbuka wale watoto 193 wa Minnesota ambao mama zao walilazwa usingizi namna hiyo, wakakua, wakaenda shule, wakasoma kama watoto wengine.